Kasi na utulivu wa mzigo wa kielektroniki: namna ya kuupima bila kudanganywa na waya

SWALI: Mtaalamu, salamu kutoka Jinja. Natengeneza betri za boda boda za umeme na vifaa vya sola. Nimenunua mzigo wa kielektroniki unaoprogramiwa, yaani kifaa cha kuvuta mkondo ulioupanga ili kujaribu betri au saplai, wa 150 V, 40 A na 200 W. Karatasi yake inasema mkondo unapanda kwa 2.5 A/µs, yaani ampia 2.5 kila mikrosekunde. Nimeujaribu kwa saplai ya kompyuta, mstari wa 5 V, waya za mita moja na nusu, mkondo ukiruka kutoka 0 hadi 10 A. Kwenye osiloskopu kasi haifiki hata 1 A/µs, halafu mkondo unapitiliza hadi karibu 14 A na kutetema kabla ya kutulia. Pia nikiufunga kwenye kibadilishi cha sola cha 12 V na kuuweka kwenye modi ya nguvu thabiti, 100 W, unanguruma na volti zinapanda na kushuka. Je, nimeuziwa kitu kibovu? Nitajuaje kasi yake ya kweli, na kama umetulia?

JIBU: Ndugu fundi, salamu zimefika. Kwa hayo uliyoyaona bado huwezi kuulaumu mzigo. Ulichopima ni vitu vitatu kwa mara moja: mzigo, waya na saplai. Katika vitu hivyo vitatu, waya ndio wenye hatia kubwa zaidi, na hesabu inaonyesha wazi.

Chukua waya mbili za 4 mm², zimelala mezani zikiwa zimeachana sentimita 10. Kila mita ya jozi hiyo ina induktansi (tabia ya waya kupinga mabadiliko ya mkondo) ya karibu 1.9 µH, kwa hiyo mita moja na nusu ni kama 2.8 µH. Volti inayoliwa na induktansi ni induktansi mara kasi ya mkondo. Ukitaka 2.5 A/µs, waya peke yake zinahitaji 2.8 × 2.5, yaani 7 V. Saplai yako ina 5 V. Hata mzigo ungekuwa bora kuliko yote duniani, usingeweza kuvuta mkondo kwa kasi hiyo kwenye waya hizo.

Sasa ongeza kwamba mzigo wenyewe una volti ya chini kabisa unayohitaji kwenye terminali zake ili ufanye kazi. Karatasi yako itakuambia. Kwa mizigo ya ukubwa huu, 1 hadi 1.5 V kwa mkondo wa kati ni jambo la kawaida. Ukitoa 1.5 kwenye 5, zinabaki 3.5 V za kusukuma mkondo kwenye waya. Gawa kwa 2.8 µH, unapata 1.25 A/µs. Hapo bado hatujahesabu waya nyembamba za saplai ya kompyuta na uzito wa saplai yenyewe kuitikia. Kasi yako ya chini ya 1 A/µs imepata maelezo.

Na ule mruko wa 14 A? Huo nao una chanzo hicho hicho. Ndani ya mzigo kuna mosfeti (transista inayopitisha mkondo kufuatana na volti ya mguu wake wa geti), rezista ya kupimia mkondo, na amplifaya inayolinganisha mkondo uliopo na ule ulioamriwa. Mkondo ukichelewa kwa sababu volti kwenye terminali imeanguka, amplifaya haijui habari za waya. Inachoona ni pengo, basi inazidi kupandisha volti ya geti hadi ifike mwisho wa uwezo wake, na mosfeti inafunguka kabisa. Mkondo ukifika 10 A, geti bado imejaa chaji na amplifaya imekwama juu. Hadi ishuke, mkondo umeshapita. Kwa hiyo kupitiliza kwa asilimia 40 uliyoyaona hakusemi lolote kuhusu utulivu wa kitanzi cha udhibiti, yaani mzunguko huo wa kupima na kurekebisha mkondo. Kunasema tu kwamba volti iliisha.

Kuna kosa la pili katika jaribio lako, dogo lakini la kawaida sana: ulianzia 0 A. Mkondo ukiwa sifuri mosfeti imezimwa kabisa, na volti ya geti iko mbali chini ya kizingiti, ambacho kwa mosfeti nyingi za nguvu ni 2 hadi 4 V. Amplifaya lazima kwanza ijaze geti hadi hapo ndipo mkondo uanze kutembea. Unapata kuchelewa, kisha mruko mkali. Anzia 1 A, au asilimia 10 ya mkondo wa juu wa jaribio. Jaribio la kuanzia sifuri lina maana yake, ila lifanye mwishoni na ulitunze kando.

Ondoa waya kwanza

Kabla ya kupima kasi ya mzigo, jenga chanzo ambacho hakina induktansi ya kuzungumziwa. Njia rahisi kwa karakana ni benki ya kapasita iliyofungwa moja kwa moja kwenye terminali za mzigo.

Kwa majaribio ya 12 V, chukua kapasita nne za elektroliti za 4,700 µF, 35 V, za aina yenye ukinzani mdogo wa ndani, uzifunge sambamba: jumla 18,800 µF. Sambamba nazo weka kapasita za kauri kumi za 10 µF, 50 V. Kauri hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake zikibeba volti, kwa hiyo usihesabu 100 µF kamili. Kazi yake ni kushika mikrosekunde za kwanza tu. Zilehemu zote kati ya vipande viwili vya bamba la shaba vyenye upana wa milimita 20, vilivyolala kimoja juu ya kingine na karatasi ngumu ya kuhami yenye unene wa milimita 1 kati yao. Bamba mbili pana zilizobanana hivyo zina induktansi ya karibu 0.06 µH kwa mita, ndogo mara thelathini kuliko waya zako zilizoachana. Kutoka benki hadi terminali usizidi sentimita 5. Kwa jumla, pamoja na skrubu za terminali, utakuwa chini ya 0.1 µH, na 2.5 A/µs itakula robo ya volti tu.

Ukitoka 1 A hadi 10 A kwa muda wa 200 µs, benki itatoa 9 × 200 ÷ 18,800, yaani karibu volti 0.1. Kapasita zenye ukinzani wa 20 mΩ kila moja zitaongeza kama 0.045 V. Volti ya terminali itasimama imara kiasi cha kutosha.

Faida nyingine ya benki ni kwamba huhitaji saplai kubwa. Weka modi ya mapigo ya mzigo hivi: 10 A kwa 200 µs, 1 A kwa 9.8 ms, mara 100 kwa sekunde. Wastani wa mkondo ni kama 1.2 A. Saplai ya 12 V, 2 A au betri ya gari inatosha kuijaza benki kati ya pigo na pigo, na urefu wa waya zinazoileta hauna tena shida. Kati ya hizo mbili chagua betri. Betri ya gari ya 12 V unaipata popote, kuanzia soko la Kisekka, Kampala, hadi Jinja mjini, haileti kelele za saplai ya swichi na haina uhusiano na ardhi ya umeme wa gridi, jambo ambalo litakusaidia kwenye osiloskopu. Funga fyuzi ya 15 A karibu na nguzo yake, na uiweke penye hewa.

Usifunge benki tupu kwenye betri moja kwa moja. Pitisha kwanza kwenye rezista ya 47 Ω, 10 W kwa sekunde tano, kisha ndipo uunganishe. Baada ya kazi, imwage kupitia rezista hiyo hiyo. Kwa 12 V benki hii ina jouli 1.4 tu, lakini kwa 48 V ingekuwa na jouli 22, na hizo zinayeyusha ncha ya bisibisi.

Kupima mkondo wenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Klampu ya bei nafuu ya mkondo wa moja kwa moja mara nyingi ina upana wa masafa (masafa ya juu kabisa inayoweza kuyafuata) wa 20 kHz. Muda wa kupanda wa kifaa ni 0.35 gawanya kwa upana wake wa masafa, kwa hiyo klampu hiyo haiwezi kuonyesha tukio lolote lenye kasi kuliko 17.5 µs. Mkondo wa 10 A kwa 2.5 A/µs unapanda kwa 4 µs. Utakachoona ni kasi ya klampu. Kwa kazi hii unahitaji kipimo chenye angalau 600 kHz, na 1 MHz ni bora.

Tumia shanti, yaani rezista ndogo sana inayopitisha mkondo ili upime volti yake, lakini usitumie shanti kubwa ya shaba ya mita za paneli. Shanti ya 10 mΩ yenye induktansi ya 10 nH tu itaongeza milivolti 25 za uongo mkondo unapopanda kwa 2.5 A/µs. Kwenye skrini milivolti 25 ni 2.5 A. Utaona mruko mwanzoni mwa mteremko na kuamini mzigo unapitiliza, kumbe ni shanti inayosema uongo.

Tengeneza yako. Chukua rezista kumi bapa za kulehemu juu ya bodi, za 0.1 Ω, asilimia 1, ukubwa wa 2512. Zipange safu moja kati ya vipande viwili vya shaba, sambamba. Unapata 10 mΩ yenye induktansi ndogo sana. Kwa 10 A inatoa 100 mV na kupata joto la wati 1, ambalo si kitu. Kwa 40 A joto ni wati 16, kwa hiyo mkondo mkubwa upite kwa mapigo tu. Weka shanti upande hasi, kati ya terminali hasi ya mzigo na upande hasi wa benki.

Kuchukua ishara, lehemu kebo nyembamba ya koaksia moja kwa moja kwenye kingo za shanti, katikati ya safu, si kwenye ncha. Kwenye osiloskopu maliza kwa 50 Ω. Probu ya kawaida yenye klipu ndefu ya ardhi inafanya kitanzi kinachonasa usumaku wa waya za mkondo mkubwa, na milivolti zako zitazama humo. Kama huna budi kutumia probu, vua kofia yake na utumie springi fupi ya ardhi.

Kumbuka kwamba klipu za ardhi za chaneli zote mbili zimeungana ndani ya osiloskopu na zimeungana na ardhi ya plagi. Zote mbili zikae upande hasi wa benki, mahali pamoja. Ukiziweka pande mbili tofauti za shanti umeipiga shoti. Na saplai ya kompyuta ina 0 V iliyofungwa kwenye ganda na ardhi, kwa hiyo klipu moja ikikosea upande wa shanti, mkondo unazunguka kupitia waya wa ardhi wa nyumba na kusoma kwako kunaharibika hata kama hakuna kilichoungua. Ndiyo sababu nilipendekeza betri.

Kabla ya kuamini picha yoyote, fanya jaribio la dakika moja: gusisha ncha ya probu na klipu yake mahali pamoja, upande hasi wa benki, mzigo ukiendelea kupiga mapigo. Inapaswa kuwa mstari bapa. Chochote unachoona hapo si mkondo, na picha ya shanti ina uchafu wa kiasi hicho hicho.

Baadhi ya mizigo ina tundu la kutazamia mkondo nyuma yake. Litumie kwa kulinganisha, lisiwe shahidi pekee. Likionyesha umbo laini kuliko shanti, basi lina kichujio ndani.

Kasi ina namba mbili

Karatasi ya mzigo inatangaza namba moja, A/µs, na watu wanaichukulia kama mwendo unaopatikana wakati wote. Ukweli ni kwamba kuna mipaka miwili. Mmoja ni kasi ya juu ya kupanda. Wa pili ni upana wa masafa wa kitanzi cha udhibiti, ambao unaweka muda wa chini kabisa wa kupanda hata kwa hatua ndogo.

Kuitenganisha mipaka hiyo, piga hatua za ukubwa tofauti kutoka 1 A: panda kwa 0.5 A, 1, 2, 5, 10, kisha 15. Kila mara soma muda kutoka asilimia 10 hadi 90 ya hatua. Kasi ni 0.8 mara ukubwa wa hatua gawanya kwa muda huo. Hatua ndogo zitatoa muda ule ule bila kujali ukubwa: huo ni upana wa masafa. Baada ya ukubwa fulani muda utaanza kurefuka sawia na hatua: hapo umekutana na kikomo cha kasi. Mfano: mzigo wenye upana wa 100 kHz hauwezi kupanda chini ya 3.5 µs. Kama kasi yake ya juu ni 2.5 A/µs, namba hiyo itaonekana tu kwa hatua zinazozidi karibu 11 A. Ukipima kwa hatua ya 2 A utapata 0.46 A/µs, na mzigo hauna kosa lolote.

Pima kushuka pia. Kupanda na kushuka havilingani, kwa sababu amplifaya hainyonyi chaji ya geti kwa nguvu ile ile inayoijazia. Rudia kwenye rengi ndogo ya mkondo kama mzigo wako unayo. Kasi ya juu ya rengi ndogo kwa kawaida ni ndogo zaidi, na karatasi huandika hivyo kwenye mstari wa chini ambao wengi hawausomi. Ukiwa na tundu la udhibiti wa nje, unaweza pia kuingiza wimbi la sini juu ya mkondo wa 5 A na kupandisha masafa hadi mkondo ushuke kufikia asilimia 71 ya ulivyoanza. Hayo masafa ndiyo upana. Likubaliane na ulichopata kwa hatua ndogo.

Utulivu

Kwa utulivu tumia hatua ndogo, asilimia 10 hadi 20 ya mkondo uliopo, mfano kutoka 5 A hadi 5.5 A, ili amplifaya isikwame. Hapo tu ndipo asilimia ya kupitiliza inasema kweli kuhusu akiba ya fezi, yaani umbali uliobaki, kwa digrii, kabla kitanzi hakijaanza kutetema chenyewe. Mkondo ukipitiliza asilimia 5 ya hatua, akiba ni kama digrii 65: mzigo mzuri. Asilimia 16 ni kama digrii 50, bado salama. Asilimia 25 ni kama 43, na hapo tahadhari. Asilimia 37 ni kama 33, na ukiongeza waya kidogo utatetema bila kukoma. Mtetemo wenye mizunguko minne au mitano inayoonekana wazi ni dalili ile ile.

Pointi moja haitoshi. Ukali wa mosfeti, yaani mkondo unavyobadilika kwa kila volti ya geti, unaongezeka mkondo unapoongezeka. Kitanzi kilichotulia kwa 1 A kinaweza kuwa na wasiwasi kwa 15 A. Volti nayo inabadilisha kapasitansi kati ya dreni (mguu wa mosfeti unaoingiza mkondo) na geti: kwa volti chache ni kubwa na kitanzi kinakuwa kizito, kwa volti nyingi inapungua sana. Kwa hiyo pima kwenye pembe zote ndani ya 200 W zako: 2.5 V na 15 A, 12 V na 1 A, 12 V na 15 A, 48 V na 0.5 A, 48 V na 4 A. Kwa 48 V badilisha kapasita za benki ziwe za 63 V au zaidi, za kauri ziwe za 100 V. Andika asilimia ya kupitiliza kwa kila pembe. Pembe mbaya kuliko zote ndiyo utulivu wa mzigo wako, si ile nzuri.

Kisha rudisha waya, taratibu. Hili ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote kwa fundi, kwa sababu kazini hutakuwa na bamba za shaba. Zungusha mizunguko 12 ya waya wa 2.5 mm² wenye ngozi kwenye bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha milimita 40, mizunguko ikigusana: una karibu 4 µH. Usitumie kiini cha chuma, kitajaa usumaku mkondo ukipanda na induktansi itaanguka katikati ya jaribio. Weka koili kati ya benki na mzigo, punguza kasi hadi 0.5 A/µs ili koili ile 2 V tu, na urudie hatua ndogo kwa 12 V. Kama kupitiliza kumetoka asilimia 10 kwenda 20, mzigo ni mvumilivu. Kama sasa unatetema hata mkondo ukiwa umesimama, ujue kikomo chake na ukiandike kwa kalamu ubavuni mwa kifaa.

Mtetemo wa mkondo uliosimama unahitaji jicho lake, kwa kuwa mita haiuoni. Weka 10 A tuli, badilisha osiloskopu iwe kwenye ishara ya mabadiliko tu (AC), na utazame kutoka 10 kHz hadi 1 MHz. Mzigo unaweza kusoma 10.00 A kwenye kioo chake huku mkondo ukicheza kati ya 7 na 13 mara laki mbili kwa sekunde. Dalili nyingine ni kapasita za kauri kupata moto bila sababu.

Dawa zipo, na ziko kwa mpangilio wa gharama. Ya kwanza ni kusokota waya: jozi ile ile ya 4 mm² ikisokotwa inashuka kutoka 1.9 hadi kama 0.6 µH kwa mita, na mita yako moja na nusu inakuwa 0.9 µH. Ya pili ni kupunguza kasi kwenye menyu. Kama jaribio la betri halihitaji 2.5 A/µs, hakuna sababu ya kuidai. Ya tatu ni kizima mtetemo kwenye terminali: rezista na kapasita mfululizo. Rezista iwe karibu na kipeuo cha pili cha induktansi ya waya gawanya kwa kapasitansi iliyopo kwenye terminali. Kwa 2.8 µH na 1 µF ni kama 1.7 Ω, weka 1.8 Ω ya wati 2 isiyo ya kuzungushwa waya, mfululizo na kapasita ya filamu ya 4.7 µF.

Kama sifa hizi zilikuwa nzuri na zimeharibika ghafla, fungua kifuniko utazame kwanza kizima mtetemo cha ndani kwenye terminali. Ni sehemu inayokufa mtu akigeuza nguzo za betri, na mzigo huendelea kufanya kazi bila hicho, ila umekuwa na wasiwasi.

Mngurumo wa modi ya nguvu thabiti

Kwenye modi hii mzigo unavuta mkondo zaidi volti inaposhuka. Kwa chanzo, huo ni ukinzani hasi. Thamani yake ni volti mara volti gawanya kwa nguvu: 12 × 12 ÷ 100, yaani 1.44 Ω, hasi. Kibadilishi chako cha sola kikiwa na impidansi ya kutokea (ukinzani wake kwa mkondo unaobadilika) inayokaribia 1.44 Ω kwenye masafa yoyote ambayo mzigo bado unaweza kuyafuata, viwili hivyo vitacheza pamoja. Mizigo mingi hukokotoa nguvu kwa prosesa, kwa hiyo ugomvi hutokea masafa ya chini, mamia ya hezi hadi kilohezi chache, na masikio yanausikia. Ndio mngurumo wako.

Kuhakikisha, badilisha kwenda modi ya mkondo thabiti, 8.3 A, volti zile zile. Mngurumo ukiisha, mzigo ni mzima. Ongeza 2,200 µF kwenye matokeo ya kibadilishi na ujaribu tena nguvu thabiti. Impidansi ikishuka, mara nyingi kunatulia. Hata hivyo usimpe mteja kibadilishi kwa kuwa kimetulia na kapasita yako ya mezani: kama atakifunga kwenye kifaa kinachovuta nguvu thabiti, kama inveta, ugomvi utarudi kwake.

Weka pia volti ya kuanzia, mfano 11 V, na kikomo cha mkondo, mfano 10 A. Bila hivyo, kibadilishi kikiwa kinaamka na kimefika 3 V, mzigo utadai 33 A ili upate wati 100, na kibadilishi kitakwama chini bila kuamka.

Modi ya volti thabiti, unayoihitaji kujaribu chaja, ina ugomvi wake tofauti. Kapasita ya kutokea ya chaja inaingia ndani ya kitanzi cha mzigo. Jaribu kwa 470 µF na kwa 2,200 µF kwenye terminali. Ikitetema, chagua mwitikio wa polepole kwenye menyu, au weka rezista ya 0.1 Ω mfululizo. Waya za kuhisi volti zisokotwe na zifungwe mahali unapotaka volti isimame, zisiachwe zikining'inia.

Utulivu wa muda mrefu

Kwa kupima uwezo wa betri, mtetemo wa mikrosekunde hauna uzito kama ule wa mkondo kuhama kadiri mzigo unavyopata joto. Rezista ya ndani yenye mabadiliko ya sehemu 50 kwa milioni kwa kila digrii, ikipanda digrii 60, inahama asilimia 0.3. Kwa 10 A ni 30 mA. Washa 150 W, soma mkondo kwa mita ya pili inayoaminika kila dakika kwa nusu saa, na usianze kipimo cha betri hadi namba zisimame. Safisha vumbi la feni kabla. Mzigo uliozibwa pumzi unahama zaidi.

Pakiti ya boda ya 72 V ya lithiamu-ayoni, seli 20 mfululizo, ikijaa ina 84 V. Kwa 200 W mzigo wako utavuta 2.4 A tu hapo. Pakiti ya 30 Ah ina zaidi ya saa-wati 2,100, kwa hiyo jaribio kamili ni karibu saa kumi na moja. Panga usiku kucha na mtu wa kukagua. Usiweke benki ya kapasita kwenye pakiti hii bila rezista ya kujazia na bila kapasita za 100 V, la sivyo kinga ya betri itaona shoti na kukata.

Ukimaliza haya yote na bado mzigo haufiki kasi kwa hatua ya 15 A ukiwa na bamba za shaba, au unapitiliza zaidi ya asilimia 25 kwa hatua ndogo kwenye pembe yoyote ambayo karatasi inairuhusu, mrudishie muuzaji. Mpelekee picha nne za skrini: volti ya terminali na mkondo kwa pamoja wakati wa kupanda, vivyo hivyo wakati wa kushuka, jaribio la ncha na klipu mahali pamoja, na mkondo tuli wa 10 A. Picha ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote. Ikionyesha volti ya terminali haikuanguka chini ya kiwango cha karatasi wakati mkondo unapanda, hatakuwa na nafasi ya kusingizia waya zako.